Waache wachague wenyewe

Shosti wangu,

Habari za huko, watoto wazima? Huku Tanga tuko salama, joto tu ndo kama unavyolijua. Ile voisi yako nimeisikiliza nikairudia tena, manake swali lako siyo la kujibu kwa vimeseji viwili vitatu, nikaona bora nikuandikie barua kabisa uisome ukiwa umetulia.

Umesema mwalimu mkuu amekupa kipindi cha kujisomea darasa la nne, vitabu vya hadithi mmepata boksi zima, na unataka upange wiki hii wote wasome kitabu hiki, wiki ijayo kile, na kila kitabu kiwe na maswali ya ufahamu mwishoni. Nakuomba sana usifanye hivyo. Watoto hawa kutwa nzima wanaambiwa fungua ukurasa fulani, soma kwa sauti, haya mwenzake aendelee. Ufahamu wanafanya kwenye Kiswahili, na upimaji wa Taifa unawasubiri hapo mbele. Hiki kipindi kimoja waachie wachague wenyewe, yaani wenyewe kabisa, na ambaye kitabu kimemchosha akirudishe achukue kingine bila kuulizwa kwa nini. Sisi wenyewe tukianza hadithi tukaona haina ladha si tunaiacha?

Kwanza vitoe vitabu kwenye boksi. Shule nyingi vimefungiwa kabatini ofisini miaka na miaka eti vitachanika, na inaniuma kweli. Vitachanika ndiyo, kitabu kinachosomwa lazima kichakae, gundi ipo, uzi na sindano vipo. We funga kamba ukutani, vining'inize kwa vibanio vya nguo, kava zitazame mbele, manake mtoto anachagua kwa picha ya juu. Siku ya kwanza wala wasisome sana, tandika mikeka, kila kundi lipe vitabu kadhaa wavishike, waangalie picha, waonje ukurasa mmoja, ukipiga makofi wanabadilishana na kundi lingine. Na wafundishe kile cha vidole: unafungua ukurasa wowote, kila neno usilolijua unakunja kidole, mkono ukikunjika wote basi kitabu bado kigumu. Ila kama mtoto anakitaka hivyohivyo muachie, hamu itambeba. Na kwa vile watoto ni wengi kuliko vitabu wakae wawili wawili, wakubaliane wenyewe wanasoma kipi.

Najua utaniuliza, sasa si watachagua vyepesi tu? Watachagua, na hakuna ubaya wowote. Mtoto anayerudia kitabu kilekile kidogo mara nne anapata wepesi wa ulimi, anaacha kusoma silabi silabi, na siku akichoka nacho mwenyewe ananyanyuka kufuata kinene. Mwalimu mkuu akitaka neno la kitaalamu mwambie kuna mtaalamu wa lugha wa Marekani, Stephen Krashen, ameitetea hoja hii miaka mingi, kwamba kusoma kwa hiari bila maswali wala maksi kunajenga msamiati na hata tahajia.

Halafu usifikiri kusoma ni vitabu vya boksi tu. Nina kijana mmoja hadithi za sungura hazitaki kabisa, lakini ukimpa kipande cha gazeti la michezo la Mwanaspoti anatulia kama siyo yeye, akaja kuniuliza kati ya Simba na Yanga ipi ilianza, nikamwambia tafuta, akatafuta, Yanga 1935, Simba 1936, akaandika na kubandika ukutani, basi darasa zima siku hiyo lilisoma ukuta kwa ubishi. Mwingine akaanza kukusanya maneno ya kanga za mama yake na majirani, Usisafirie nyota ya mwenzio na mengineyo, sasa ana kidaftari kizima na kila neno kalichorea picha. Hakuna aliyemtuma. Hicho kidaftari ndo kinachoazimwa kuliko kitabu chochote darasani kwangu.

Wakishasoma pia waache wachague la kufanya. Anayetaka kuchora achore, wengine waigize, wengine watunge ngonjera, mwingine abadilishe mwisho wa hadithi, na asiyetaka chochote aendelee kusoma. Kuna binti mkimya mno, huwa hanyooshi mkono, alisoma hadithi ya sungura na fisi akaiandika upya fisi akiwa ndo msemaji. Fisi kaenda kumshtaki sungura kwa balozi wa nyumba kumi, anasema kila hadithi mimi ndo mlafi, mimi ndo mjinga, nani aliniuliza upande wangu? Shosti, niliposoma nilisisimka. Wenzake wakaigiza hiyo kesi, wakagawanyika, wengine mashahidi wa sungura, na yule binti akawa anawaelekeza kwa sauti ambayo sikujua anayo. Swali la ufahamu lingemtoa wapi hayo?

Vitu vyao ukivishona kwa uzi, kava la boksi, navyo vining'inie kwenye kamba kama vitabu vingine. Na we mwenyewe kipindi hicho usisahihishe madaftari, kaa nao usome kitabu chako, watoto wanakuangalia. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija, kwenye andalio la somo andika stadi ya kusoma na kuandika kwa ubunifu, mpe hizo kazi azishike mwenyewe. Hawa watoto miaka michache tu mbele wanaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, sasa ambaye hajawahi kufungua kitabu kwa kupenda, huko atakianza kwa nguvu ipi?

Vitabu vikiwaisha, ingia African Storybook, mradi wa Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini, tovuti yao ipo tangu 2014. Hadithi za Kiswahili ni nyingi, unapakua bure, unaprinti stationari, na leseni zao zinaruhusu kuzitafsiri na kuzibadilisha, kwa hiyo wale wako wanaoongea Kikaguru nyumbani wanaweza kuzigeuza.

Vibanio usinunue, ninavyo vya ziada, ntakuwekea na nakala ya kesi ya fisi (binti amekubali) kwenye bahasha ya kaki, nampa kondakta wa basi la Morogoro Ijumaa. Ntakutumia namba yake kwa meseji. Na mwanzo wa wiki niambie kitabu gani kimegombaniwa kwanza.

Wako wa tangu chuo,
Shosti wa Tanga