Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Semina zimefanyika, mafunzo ya kupima pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) yamefanyika, jarida limetoka, ingawa kwa kuchelewa. Sitawachosha.

Niingie kwenye suala lililozua maneno: uamuzi wa kuondoa kwenye hazina yetu ya data vipimo vyote vya chuma na zinki katika maji ya bahari vilivyochukuliwa kwa kamba ya waya na chupa za kawaida. Nimeitwa dikteta. Imesemwa nimefuta jasho la waliotutangulia. Hakuna kilichofutwa, vimehamishiwa kwenye kumbukumbu, na vipimo vya kaboni, chumvi na joto vya safari hizo hizo havikuguswa.

Maji ya juu ya bahari kuu mara nyingi hayana hata nanomoli 1 (sehemu moja ya bilioni ya moli) ya chuma kwa lita, ilhali meli tunayopimia ni chuma kitupu, inapukutisha kutu mchana na usiku. Glavu yenye poda ikigusa mdomo wa chupa, sampuli ya zinki imekwisha. Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani, alipodai usafi wa maabara kwa ajili ya kupima metali ya risasi, naye alionekana msumbufu. Lakini mbinu safi zilipoenea miaka ya 1970, viwango vya metali nyingi baharini vilionekana kuwa chini mara 10 hadi 1,000 kuliko ilivyoaminika. Bahari haikubadilika, wapimaji ndio walijifunza kunawa.

Wapo waliouliza haya yanahusianaje na kuongezeka kwa tindikali baharini. Bahari inameza takriban robo ya kaboni dioksidi tunayotoa. Tangu mapinduzi ya viwanda pH ya maji ya juu imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, yaani ioni za hidrojeni zimeongezeka kwa karibu asilimia 30. Tindikali ikizidi, ioni za kabonati majini hupungua; kabonati ikipungua, shaba iliyoshikwa nayo huachiwa, na shaba huru ikizidi ni sumu kwa vijimea vya baharini. Mabadiliko madogo namna hiyo mtayaonaje kwenye data yenye kutu?

Mwenzetu mmoja alipendekeza tubane matumizi kwa kutumia chupa moja kwa vipimo vyote. Sampuli ya metali hutiwa tindikali hadi pH chini ya 2. Ya kaboni hutiwa kloridi ya zebaki ili viumbe visiendelee kupumua humo. Mwenye chupa inayoweza yote mawili ailete.

Uamuzi ulipita kikaoni, akidi ikiwa imetimia kwa mbinde. Wanaolalamika zaidi, siku hiyo hawakuonekana, na udhuru hawakutuma. Sisemi kwa kujisifu, ila kamba isiyo ya chuma na fremu ya titani tunazotumia leo nilizihangaikia mwenyewe, barua kwa barua.

Ada ni aibu. Kati ya wanachama 62, waliolipa ni 23; 11 wanadaiwa miaka miwili, na wengine wanaahidi tu. Fedha hizo ndizo zingenunua sampuli rejea za kaboni, yaani zile ambazo kiwango chake kinajulikana, za kuhakiki mashine. Bila hizo, mashine ya kupima alikali ya maji hutusomea namba inayoitaka yenyewe.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kupima metali na kaboni kwa pamoja katika safari moja, na pengine kuwaalika vijana. Mweka hazina amekaa karibu na mlango. Stakabadhi anazo.

Nawasilisha.

Mwenyekiti