Shangazi, waliohama ndio walioirudisha ngoma

Shikamoo Shangazi,

Nimeisikiliza hadi mwisho ile sauti ndefu uliyotuma kwenye kundi la familia. Ulisema ngoma ya watu hufa siku vijana wao wanapopanda ndege, ukatutolea mfano wa lelemama yenu ya Tanga, kisha ukamalizia kwa kutulaumu sisi tulio ng'ambo. Wengine walijibu kwa vikatuni. Mimi nilinyamaza, maana mkubwa hajibiwi juujuu. Nakujibu hapa kwa heshima zako zote, na wengine wasome, kwa sababu nchi ninayoishi, Ayalandi, ina habari inayokupinga. Sisemi inakupinga kwa yote.

Hawa ni watu waliohama kwelikweli. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa uliozesha viazi mashambani, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Walikufa watu wapatao milioni 1, na zaidi ya milioni 1 wengine wakapanda meli. Kisiwa kilichokuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 kilibaki na milioni 4 na ushei mwaka 1911, kwa kuwa hata njaa ilipokwisha safari hazikukoma. Kijana akikaribia kuondoka, nyumbani kwao walikesha wakicheza na kulia hadi alfajiri, kama watu walio matangani, kwani wazazi walijua hawatamwona tena. George Petrie, aliyekusanya nyimbo za kale, aliandika mwaka 1855 kwamba njaa ilileta kimya cha kutisha katika nchi iliyosifika kwa kuimba. Msafiri akisikia sauti ya mtu, ni kilio cha msiba.

Kinubi kilikuwa kimetangulia kufifia. Mwaka 1792, walipowaita wapiga kinubi wakutane Belfast, walijitokeza 10 tu wa Ayalandi, wengi wao wazee na baadhi vipofu. Leo kinubi hichohicho ndicho nembo ya serikali, kimo kwenye sarafu na kwenye pasipoti. Serikali hupenda sana ala ambayo wapigaji wake walikaribia kuisha.

Sasa, Shangazi, nikujulishe kwa polisi mmoja. Francis O'Neill alizaliwa mwaka 1848 katika jimbo la Cork, mwaka wa njaa hasa. Akatoroka nyumbani akiwa kijana, akawa baharia, merikebu ikamvunjikia baharini, na mwishowe akaangukia Chicago. Mwaka 1873 aliingia polisi, akapigwa risasi na mwizi, na risasi ile akaishi nayo mwilini maisha yake yote. Mwaka 1901 akawa mkuu wa polisi wa jiji zima. Mtu huyu alipiga filimbi na alikumbuka mamia ya nyimbo za kwao, ila hakujua kuandika noti. Akampata sajini mmoja, James O'Neill, asiye na udugu naye, aliyejua. Mkubwa anapiga, mdogo anaandika. Wahamiaji kutoka kila kona ya Ayalandi walikuwa wamejazana Chicago, kwa hiyo nyimbo za vijiji visivyojuana huko nyumbani zilikutana sebuleni kwa polisi. Inasemwa sana kwamba mpiga zumari mzuri hakukosa kazi ya upolisi zama zake, na mimi sioni ubaya wake. Nimewahi kuona kazi zikitolewa kwa sababu duni kuliko hiyo. Mwaka 1903 kikatoka kitabu chake chenye nyimbo 1,850, na mwaka 1907 kingine chenye 1,001 za kuchezea. Vitabu hivyo vilirudi Ayalandi, na kwa miaka mingi mwanamuziki akikwambia "kimo kitabuni", hakuhitaji kutaja ni kitabu gani.

Baada ya vitabu zikafuata santuri. Michael Coleman, mpiga fidla wa jimbo la Sligo, alikwenda Marekani mwaka 1914, na kuanzia miaka ya 1920 alirekodi New York. Makampuni yaliziuza santuri hizo kwa wahamiaji wenye hamu ya kwao, wahamiaji wakazituma nyumbani pamoja na dola. Ni miaka ileile ambayo Siti binti Saad wa Unguja alipelekwa Bombay kurekodi, mwaka 1928, nanyi huko pwani mkamsikia kwenye gramafoni. Basi pale Ayalandi mkulima aliyekaribia kuona haya kwa fidla yake alimsikia Coleman akiipiga kwa kasi na madaha, na sauti ikitoka Marekani, akainua kichwa.

Hapa nakupa haki yako. Coleman alipiga kwa mtindo wa Sligo, na kwa kuwa santuri zake ziliingia kila nyumba, vijana wa majimbo mengine wakaanza kumuiga wakaacha mapigo ya babu zao. Jambo lililookolewa na walio mbali lilirudi limepunguzwa aina zake. Hilo silikatai.

Lakini nani aliyeizima ngoma nyumbani? Ayalandi ilipojitawala, maaskofu walihubiri kwa ukali dhidi ya dansi, na mwaka 1935 ikapitishwa sheria ya kumbi za dansi: kucheza hadharani kukawa kwahitaji leseni ya hakimu. Zamani watu walikusanyika jikoni kwa jirani au kwenye njia panda, wakatoa senti kidogo za kumsaidia mwenye shida, wakacheza hadi asubuhi. Mapadri na polisi waliitumia sheria ile dhidi ya dansi za majumbani pia. Junior Crehan, mpiga fidla mashuhuri wa jimbo la Clare, aliinung'unikia hadi uzeeni, kwa sababu jiko lile ndilo lililokuwa chuo: mtoto alijifunzia hapo bila mwalimu wala ada. Nawe Shangazi, ulitusimulia mwenyewe jinsi lelemama ilivyoanza kusemwa vibaya, wanawake wakaambiwa wakae ndani, vikundi vikasambaratika kimoja kimoja. Aliyekuwa akihubiri dhidi yenu alikuwa abiria wa ndege?

Hata watetezi waliharibu, kwa nia njema. Chama cha kufufua lugha ya Kiayalandi, kilichoanzishwa mwaka 1893, kilitaka dansi safi isiyo na damu ya kigeni. Wakaipiga marufuku seti, ile ya jozi nne zinazotazamana kwa mraba, kwa sababu asili yake ni Ufaransa, ingawa wanakijiji walikuwa wameicheza miaka mingi na kuikarabati hadi ikawa yao. Mahali pake wakaweka dansi za céilí, yaani za mkusanyiko wa watu wote. Na céilí ya kwanza ya chama hicho ilifanyika wapi? London, mwaka 1897. Nikikumbuka hilo huwa nacheka peke yangu kwenye basi.

Kufufuka kwenyewe kulikuja polepole, mara nyingi kwa watu wachache wakaidi. Wakati wa vita vya pili, petroli ikiwa adimu, Séamus Ennis alizunguka magharibi kwa baiskeli akiandika nyimbo kwa ajili ya tume ya masimulizi ya jadi. Kwa mvuvi mmoja tu wa Connemara alipata zaidi ya 200. Mwaka 1951 wapiga zumari wa Dublin na wenzao wa Mullingar waliunda chama cha wanamuziki, Comhaltas, wakaanzisha tamasha la kila mwaka ambalo sasa huvuta mamia ya maelfu ya watu, na mwaka 2013 lilivuka mpaka kuingia Ayalandi ya Kaskazini, likafanyika Derry kwa mara ya kwanza. Zumari lenyewe, la mfuko unaojazwa upepo kwa kiwiko, lilikuwa taabani: mwaka 1968 wapigaji walipounda umoja wao hawakufika 100. Mwaka 2017 UNESCO ikautia upigaji wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Na ule mtindo wa wanamuziki kuketi pembeni mwa baa na kupiga bila jukwaa, ambao watalii huudhani ni wa tangu enzi, ulishamiri kwanza London miaka ya 1950, kwa vibarua wa ujenzi waliopanga vyumba vidogo visivyoweza kukusanya watu. Wahamiaji tena, Shangazi!

Tarehe 30 Aprili 1994 ulimwengu ukaona yaliyobaki. Kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision yaliyofanyika Dublin, wakati kura zikisubiriwa, ilichezwa Riverdance kwa dakika kama saba, na ukumbi mzima ukasimama. Wachezaji wawili wa mbele walikuwa Michael Flatley, mzaliwa wa Chicago, na Jean Butler wa New York. Kwa muda mrefu mchezaji alifundishwa kubana mikono ubavuni na uso usioonyesha kitu. Flatley alikuja na mikono yake, kifua mbele, miguu ikigonga sakafu kama mvua ya mawe. Wazee wengine walikunja uso. Watoto wakajazana kwenye madarasa ya dansi.

Sipendi kila kilichofuata. Mashindano ya watoto siku hizi ni mawigi ya nywele za mawimbi, ngozi zilizopakwa rangi ya jua, na magauni ya bei ya bibi harusi. Mzazi wa kawaida anaugua akisoma risiti.

Uliuliza kama nami nacheza. Nacheza seti, ileile iliyopigwa marufuku. Ilirudi kwa nguvu miaka ya 1980, hasa kupitia shule ya kila Julai kule Miltown Malbay, Clare, iliyoanza mwaka 1973 kwa kumbukumbu ya mpiga zumari Willie Clancy aliyefariki mwaka huo. Mtaani kwetu tunacheza ukumbi wa parokia, na funguo anazo padri, ambaye mwenyewe hupenda kuja kucheza. Kiingilio ni yuro chache, chai na sandwichi zimo humo. Mimi bado nazungukia upande usio wangu, na mama mmoja wa makamo, aliyelelewa Boston akarudi ukubwani, ananishika bega na kunigeuza kabla sijamgonga mtu.

Nisalimie wa nyumbani wote.

Mtoto wa kaka yako