Barua kwa vijana waoaji wa Paje na Jambiani

Wanangu, assalaam alaykum.

Naskia siku hizi kila kijana anaetaka kuoa anasema anatafuta helpmeti, mnaliandika mpaka kwenye stetasi, na mkiulizwa mnamaanisha mke wa kupika na kufua na kunyamaza. Mie nimesomesha Kiingereza skuli mpaka nimestaafu, hili siliachi likapita. Helpmeti ni mwenza anaekusaidia, awe mume awe mke. Asili yake ni Biblia ya Kiingereza ya 1611, pale Hawa anapotajwa kuwa msaidizi anaemfaa Adam, help, yaani msaidizi, na meet, yaani anaefaa, yalikuwa maneno mawili mbalimbali, watu wakaja kuyaunga. Na sie Waislamu Qur'ani imeshatwambia, wake zenu ni vazi lenu na nyinyi ni vazi lao.

Haya tuje kwetu. Mwani umeanza kulimwa hapa hapa kwetu, pwani ya mashariki ya Unguja, 1989, na wengi waloubeba ni wanawake, nyumba ngapi zimeezekwa bati kwa mwani, watoto wangapi wamevaa yunifomu. Bamvua likiingia, zile siku za maji makubwa, maji yakitoka mke keshafika pwani, kainama na jua la utosi anafunga vitawi kwenye kamba, ngozi inamuwasha, akirudi na gunia kichwani mume yupo barazani anauliza chakula kiko wapi. Wallahi inaniuma.

Sasa bahari imepata joto, kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, unakufa kwenye maji madogo, unataka kina. Kina kinataka chombo na mtu anaejua kuogelea, na sie wanawake wengi hatukufunzwa kuogelea, lakini nyinyi mmeogelea kabla hamjajua kusoma! Basi mfunze mkeo, kama unaona haya nendeni alfajiri watu hawajatoka. Toa ngarawa yako. Mvua ikitanda kimbilia kuanua mwani usiharibike, usimsubiri yeye, na mtoto akilia mbebe. Akiuza pesa ni yake, dini imempa, usimpigie hesabu. Mtume wetu (S.A.W.) akishona nguo yake mwenyewe na akisaidia kazi za nyumbani, Bi Aisha ndo kasimulia, sasa wewe nani kakwambia utavunjika heshima?

Wanaooa mfungo mosi waje kwangu kabla ya posa, hata usiku, tukae tuzungumze.

Bibi yenu, Jambiani