Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka huu tulichagua paa

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana, salaam nyingi na poleni na majukumu. Hesabu ataisoma mweka hazina mkutanoni na risiti zote mtaziona, mimi hapa naongelea kazi tuliyofanya, ya kuchangia paa la kanisa la zamani la harakati, na kwa nini tuliifanya, maana kuna wenzetu wamekuwa wakiuliza kwenye grupu, sisi Waswahili tuliohamia Alabama majengo ya harakati za haki za kiraia za Wamarekani weusi yanatuhusu nini.

Yanatuhusu jamani. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipokuja huku Marekani 1959 kuwatafutia vijana wa Kenya nafasi za vyuo, Martin Luther King, kiongozi wa harakati hizo, alimpokea Atlanta, na kanisa la King la Dexter Avenue pale Montgomery likaahidi kumsaidia mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa anakuja kusoma chuo cha Tuskegee, hapa Alabama. Watu wenyewe miaka michache tu nyuma walikuwa wanatembea kwa miguu mwaka mzima na zaidi kwa kugomea mabasi yaliyowabagua weusi, na bado wakajinyima kwa ajili ya kijana wasiyemjua. Alafu John Lewis, kijana kiongozi wa harakati, Oktoba 1964 alikuwa Nairobi, akakutana na Malcolm X, mtetezi mwingine wa weusi wa Marekani, huko huko, na miezi mitano baadaye ndo huyo huyo aliyepasuliwa kichwa na rungu la polisi waandamanaji wa kudai haki ya kupiga kura walipovuka daraja la Edmund Pettus, mjini Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965.

Kwa hiyo Selma ndo ilikuwa safari yetu kubwa. Mliokuja mnakumbuka tulivyosimama mbele ya Brown Chapel, kanisa ambalo waandamanaji walianzia siku ile. Hilo kanisa limeteswa na mchwa na unyevu mpaka likafungwa kwa matengenezo, na 2022 likawekwa kwenye orodha ya maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani nzima. Yani jengo la 1908, waumini wameshikilia mlango wazi wakati kuufungua tu ilikuwa hatari ya kufa, halafu linakuja kuharibiwa na maji ya mvua. Hili liliniuma sana na ndo msingi wa kila tulichoamua baadaye.

Pale pale Selma kuna habari ya nyumba ya akina Jackson, nyumba ya kawaida ya familia ambayo King alikuwa anafikia na kupanga mambo yake wakati wa maandamano. Hiyo nyumba haipo tena Selma, imegawanywa vipande ikasafirishwa mpaka Michigan kwenye jumba la makumbusho. Tulibishana ndani ya basi mpaka tunafika nyumbani. Wengine walisema afadhali, huko itatunzwa na watoto wengi wataiona. Mimi msimamo wangu sijaubadilisha, ningependa ingebaki mtaani kwake, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na maana kwa majirani zake, kwa umbali wake na kanisa, kwa mtu kutoka sebuleni akafika kwenye maandamano. Lakini siwezi kuilaumu familia hata kidogo. Nyumba ya zamani inakula hela kila mwaka na familia moja haiwezi kubeba historia ya nchi nzima peke yake, na sisi wengine tunakuja kulia wakati lori limeshaondoka.

Jambo ambalo wengi hatukulijua, na nawaomba mlishike: jengo kuandikwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria hakumzuii mwenye jengo kulibomoa kwa hela yake mwenyewe. Ile rejista ni heshima na inafungua milango ya ruzuku, ila paa halizibwi na cheti. Duka la Money, Mississippi, lililohusika na kesi ya Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa 1955, limebaki kuta zilizomezwa na majani. Na kibao cha kumbukumbu yake kando ya mto Tallahatchie kimepigwa risasi tena na tena mpaka 2019 wakaweka kisichopenya risasi.

Ila yapo yaliyookolewa. Moteli ya Lorraine, Memphis, King alipouawa 1968, mwenye moteli Walter Bailey aliacha chumba 306 kilivyokuwa, na ilipouzwa mnadani 1982 watu wa Memphis walichangishana wakainunua kwa dola 144,000, leo ni makumbusho. Hapa Birmingham moteli ya A.G. Gaston, ambako chumba namba 30 kilikuwa ofisi ya akina King ya kupangia mikakati ya harakati na bomu likalipuliwa Mei 1963, ilikaa tupu miaka na miaka, mpaka 2017 ikawa sehemu ya ukumbusho wa taifa na ikakarabatiwa.

Ndo maana kamati ilipoletewa mapendekezo mawili, bamba la shaba lenye jina la chama chetu au kuchangia paa la kakanisa kadogo nje ya mji ambako wazee walikuwa wanafundishana kujiandikisha kupiga kura, tulichagua paa. Wanachama wetu wanaofanya kazi ya paa walipanda wenyewe, akina mama wakasafisha makaburi, vijana wakawarekodi wazee kwa simu. Tulijifunza pia kwamba madirisha ya mbao ya zamani hayang'olewi ukaweka ya plastiki, yanatengenezwa pale pale kipande kwa kipande, la sivyo jengo linapoteza sifa ya kihistoria na ruzuku inaweza kukosekana. Kazi inaenda polepole kwa sababu hiyo, tuvumiliane.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba ridhaa yenu mambo mawili: upande wa kaskazini wa paa umaliziwe kabla ya mvua za masika, na zile rekodi za wazee ziandikwe kwa Kiingereza na Kiswahili, nakala moja ibaki kanisani. Wazee wale ni wa umri mkubwa, kwa hiyo anayeweza kuandika au kutafsiri anipigie wiki hii, asisubiri mkutano.