Mahubiri Mliyoyakata: Barua ya Wazi kwa Waandishi Vijana wa Dodoma

Wanangu mnaofanya kazi katika televisheni za mtandaoni hapa Dodoma,

Nawasalimu nyote, wanaosali Ijumaa na wanaosali Jumapili. Ninaandika nikiwa na uchungu, na ninaandika kwa mapenzi, kwa kuwa baadhi yenu niliwafundisha mimi mwenyewe kushika kalamu.

Jumapili moja hivi karibuni mchungaji wetu alihubiri kutoka Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, habari za Naboti na shamba lake la mizabibu. Sisi wa Dodoma, ambao zabibu tunaijua tangu kupogoa hadi kuvuna, hatukuhitaji kufafanuliwa sana. Ahabu alilitaka shamba la jirani yake, Naboti akakataa kuuza urithi wa baba zake, na Yezebeli akapanga njia ya kumuua. Sehemu kubwa ya mahubiri hayo ilituelekea sisi tuliokaa kwenye mabenchi: wanaosogeza mipaka ya mashamba usiku, na mashemeji wanaomfukuza mjane kwenye kiwanja hata arobaini ya marehemu haijafika. Mwishoni alisema pia, kwa sentensi chache, kwamba mwenye mamlaka akitamani ardhi ya mnyonge ajue Mungu wa Naboti bado yupo.

Jioni ile ile nikaletewa video ya nusu dakika. Inaanza mkono wa mchungaji ukiwa tayari umeinuliwa, inakatika katikati ya neno, na juu yake kuna maandishi mekundu yanayosema mchungaji ameilipua Serikali. Wajane hawamo, mashemeji hawamo, hata Naboti mwenyewe hayumo. Kesho yake mchungaji aliitwa kujieleza mbele ya watu ambao hawakuwa wamesikia mahubiri yake, huku wengine, ambao nao hawakuyasikia, wakimshangilia kama mgombea.

Laiti mngeisoma sura yenyewe kabla ya kuikata! Yezebeli hakutuma jeshi kwa Naboti. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akaagiza watu watangaze mfungo, Naboti aketishwe mbele ya watu wote, kisha mashahidi wawili waovu waseme kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Siasa, dini na habari ya uongo vilikutana siku moja kwa ajili ya shamba moja, na waliomrushia Naboti mawe walikuwa watu wa mji wake, walioamini walichoambiwa. Mtu mliyekuwa mkimrekodi alikuwa akizungumza juu ya kazi yenu, na kamera ilikuwa imewashwa, wala hamkumsikia.

Mtaniambia kwamba kila neno lililomo kwenye video alilitamka yeye. Ni kweli, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Zaburi ya 14 inasema mpumbavu amesema moyoni mwake kwamba hakuna Mungu. Mwondoe mpumbavu, na Daudi mmemfanya mkana Mungu. Jirani yangu sheikh hunikumbusha Sura ya Al-Maun, isemayo ole wao wanaosali: anayeishia hapo, bila kufika kwa wale wanaopuuza sala zao na wanaosali ili waonekane, amewatisha waumini kwa maneno ya Mwenyezi Mungu mwenyewe. Wazee wa dini zote mbili walilijua hilo kabla simu hazijabuniwa. Kukata maneno ni kushuhudia, na shahidi hujibu kwa alichoficha kama anavyojibu kwa alichosema.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba habari yenyewe ilikuwepo, nanyi mkaiacha. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Ni nani kati yenu aliyewahi kukaa kwenye baraza la ardhi tangu asubuhi, akamsikiliza mjane akieleza jinsi hati ilivyobadilika jina? Hakuna kiki pale, najua. Kuna watu.

Wala si ninyi peke yenu mliotufikisha hapa. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, ikitaja gharama, na sisi wazee tulinung'unika kidogo kisha tukazoea kuliona Bunge letu kwa vipande. Mwaka 2025, katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, intaneti ilizimwa nchini, na mahali palipotakiwa habari pakajaa uvumi. Mimi ni mtu wa utaratibu, ninaheshimu mamlaka na sitaki kuona nchi ikichezewa. Kwa sababu hiyo hiyo nasema kwamba kiongozi anayefunga mlango wa habari humkabidhi mzushi ufunguo. Katiba, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na Ibara ya 3 inasema Jamhuri yetu ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara hiyo haikumfunga mdomo mchungaji wala imamu, wala haikuwapa wanasiasa mimbari ya kuombea kura siku za harambee. Viongozi wangu wa dini, mnaowapisha wagombea madhabahuni kwa sababu ya bahasha nene, nanyi mnahusika.

Mengine nayasema kwa ufupi. Msipeleke kipaza sauti mdomoni mwa mfiwa. Msipokee bahasha kutoka kwa mtu mtakayeandika habari zake. Kichwa cha habari kisiahidi kisichomo ndani. Mkikosea, sahihisheni kwa ukubwa ule ule mliokosea nao. Ombeni ruhusa kabla ya kuwasha kamera katika nyumba ya ibada, na mkiruhusiwa kaeni hadi baraka ya mwisho.

Nasi wazee tulio kwenye makundi ya jumuiya na ya mtaa, tunaosambaza video kabla ya kuimaliza kuitazama, tuache. Aliyeniletea ile ya mchungaji ni mzee mwenzangu wa kanisa, ambaye asubuhi ile alikaa benchi moja nami na kuyasikia mahubiri yote. Nimekwisha kumwambia ana kwa ana, na ameahidi kwenda kwa mchungaji.

Wenu katika upendo,
Mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, Dodoma