Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Misiba tuliyochangia ni mitatu, harusi mbili, na pikiniki ya Julai mlikuwepo wenyewe. Mweka hazina amenipa hesabu: wanachama 64, waliolipa ada 23, makusanyo dola 2,760, salio dola 412. Basi.

Sasa niingie kwenye lile mnalolisema simuni, kwamba mwenyekiti amekula dola 640 kwa mpira wa Wazungu. Hizo ni za ukumbi, projekta na pilau. Risiti zipo kwa katibu. Wazo la kuadhimisha miaka 80 ya msimu wa 1944 wa mpira wa Kimarekani wa kadeti wa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu, lilikuwa langu, sikatai, na kamati ililipitisha.

Mnauliza yanatuhusu nini. Tunaishi Baltimore, ndugu zangu. Mechi ya mwisho ya msimu ule, dhidi ya wanamaji wa Annapolis, yaani chuo cha maofisa wa jeshi la majini, ilichezwa hapahapa tarehe 2 Desemba 1944. Ilihamishiwa huku ili kuchangisha fedha za vita: hupati tiketi mpaka ununue hati ya mkopo wa serikali. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 58 kwa mechi moja. Mimi ninayeshindwa kupata ada ya dola 120 kwa watu 41, niliposoma hayo nilifunga kitabu kwanza.

Kadeti wale walicheza mechi 9 wakashinda zote, pointi 504 kwa 35. Notre Dame walipigwa 59 kwa 0. Siku ya maadhimisho, nikiyasimulia hayo, ndugu mmoja aliinuka akasema si haki, maana vyuo vingine vijana wao walikwisha kuchukuliwa jeshini. Nakubali nusu. Lakini wanamaji nao walikuwa na vijana wao, tena walikuwa wamewafunga West Point miaka mitano mfululizo. Robo ya tatu matokeo yalikuwa 9 kwa 7, uwanja mzima roho juu. Hapo kocha wa West Point, Blaik, akamtegemea mchezaji wake Blanchard: apewe mpira, aangushwe, apewe tena, mpaka akavuka mstari. Kisha mwenzake Davis akakimbia yadi 50. Ikaisha 23 kwa 7.

Tena siku hizohizo askari wetu wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa wamepita bonde la Kabaw kwenye matope ya masika wakaingia Kalewa, huko Burma. Nilipofika hapo mzee mmoja akavua kofia. Baba yake alikuwa huko. Akasema vita hakuisimulia hata siku moja, ila blanketi alilikunja kila alfajiri, pembe juu ya pembe, mpaka anakufa.

Hayo yalisikiwa na watu 11, wawili wao watoto. Mnasema tarehe ilikuwa mbaya, wikiendi ya Shukrani. Tarehe niliiweka kwenye kundi tangu Septemba, na watu 50 wakaweka dole gumba! Nimewahesabu. Wengine wanasema afadhali tungekwenda Landover, hapa Maryland, mwezi Desemba kuwaona West Point na wanamaji wakicheza. Kwa salio lipi?

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia darasa la Kiswahili la watoto, utaratibu bora wa ada, na pengine safari ya West Point hali ikiruhusu.

Masufuria mawili ya pilau bado yako gereji kwangu. Wenyewe waje wayachukue.

Mwenyekiti wenu