Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wetu waonjaji wiski, Mtwara mjini

Ndugu wanachama, mama mlezi, wazee wetu wa Mikindani na wenzetu wa Lindi mliojiunga mwaka huu, habari zenu. Taarifa hii naiweka hapa kwenye grupu kwasababu mkutano mkuu tumeuitisha mara mbili na mara zote akidi haikutimia, kwahiyo kila mtu asome mwenyewe na mwenye swali aulize hapahapa wote tuone, sio kunifuata inbox usiku.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya kuonja vilifanyika mwisho wa mwezi, Ramadhani tulisimama kama siku zote, msimu wa korosho wengi mlikuwa minadani tukaelewa. Misiba tulienda, harusi ya mwenzetu tulichangia, glasi mpya zile nyembamba mdomoni zimenunuliwa na ziko kwangu salama. Mwaka tuliuanza tukiwa 34 tumemaliza 31.

Sasa lile jambo lenyewe, maana najua ndo mnalolisubiri. Kamati ilipitisha kwamba kwenye meza ya kuonja chupa ileile isirudiwe kabla ya miezi 6 kupita, na hela ya kufunga mwaka ambayo miaka yote ilikuwa inanunua Black Label safari hii inunue chupa 3 ambazo wengi wetu hatujawahi kuzionja. Yakasemwa mengi, kwamba mwenyekiti kaamua peke yake nyumbani kwake, kwamba anajifanya mzungu. Jamani, muhtasari upo kwa katibu na wajumbe 5 kati ya 7 wamesaini, akiwemo mmoja ambaye leo ndiye anaongea kuliko wote. Mzigo nimeufuatilia Dar mimi mwenyewe na nauli yangu nimelipa mfukoni mwangu, sijadai chama hata mia.

Na sababu ilikuwepo. Chama hiki tulikianzisha ili tuonje, kukutana na kunywa tu hata baa yoyote pale Shangani unaweza. Ukipitia daftari la vikao vya nyuma ni Black, Jameson, Jack Daniel's, halafu tena Black. Nazipenda zote tatu, lakini mtu ambaye miaka 10 anakunywa chupa moja hajui hata anaipendea nini.

Mpangilio wenyewe wa zile chupa 3 siku ya kufunga mwaka ulifikiriwa, tulianza na laini tukamaliza na nzito. Ya kwanza Bain's ya Afrika Kusini, inatengenezwa mji wa Wellington kwa mahindi matupu, inakaa kwenye mapipa yaliyokwisha kuhifadhi bourbon, wiski ya Marekani. Sheria ya Wamarekani inataka bourbon ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, kwahiyo likishatumika mara moja linauzwa na watu wa Scotland na kwingine wanaligombania, ule utamu wa vanila mlioutaja wengi unatoka kwenye hiyo mbao. Ya pili Redbreast ya miaka 12 kutoka Ireland, humo kuna shayiri ya kimea na shayiri ambayo haijaoteshwa, inakenekwa mara 3, yaani inachemshwa na mvuke wake unakusanywa, halafu sehemu yake inakaa kwenye mapipa ya sheri, divai ya Hispania, ndo maana mliisikia kama zabibu kavu. Mzee mmoja aliuliza tofauti na nipa, ile pombe kali ya mabibo ya mkorosho, ni nini, swali zuri sana lile: mabibo ni tunda, wiski ni nafaka, halafu lazima ikae kwenye pipa la mbao, kwa Scotland sio chini ya miaka 3.

Ya tatu ndo iliyoleta kelele, Laphroaig ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Islay, Scotland. Mmoja akasema inanuka dawa ya hospitali, mwingine akamwaga ya kwake kwenye mchanga, mwingine akaagiza koka achanganyie. Kwa kweli iliniuma. Ile harufu sio ubovu wala chupa feki kama ilivyosambazwa. Kisiwa cha Islay kina watu kama elfu 3 tu, kuni ni za shida toka zamani, kwahiyo wanachimba udongo mweusi wa majani na mizizi iliyooza, wanaukausha na kuuchoma, na moshi wake ndo unakausha kimea. Moshi unaingia kwenye nafaka na hautoki tena mpaka kwenye glasi. Sisi watu wa pwani tunaokula samaki wa moshi toka utotoni ndo tulitakiwa tuwe wa mwisho kuukimbia!

Halafu ngoja niwaambie kitu. Hiyo Black Label mnayoitetea ni mchanganyiko wa wiski nyingi, hakuna iliyo chini ya miaka 12, na mojawapo ni Caol Ila, inatoka Islay hukohuko. Ule moshi mdogo unaobaki kooni ukimeza Black unaujua vizuri tu, ndo huohuo, umepunguzwa. Kwahiyo mnaosema moshi hamuuwezi mmekuwa mkiunywa miaka yote na kuufurahia.

Sijasema kila mtu aipende. Yupo mwanachama ambaye baada ya siku ile amegundua kabisa kwamba moshi sio wake ila ule utamu wa pipa la sheri ndo wake, na sasa akiingia dukani anajua cha kuuliza, hiyo kwangu ni faida kubwa. Ninachoomba ni utaratibu: toti ndogo, barafu na soda viwe pembeni kwanza, nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, onja, halafu dondoshea maji matone mawili matatu unuse tena maana maji yanafungua harufu zilizojificha. Ukishafanya hivyo ukasema huitaki, sawa, nakuheshimu. Kumwaga kabla hujameza hata mara moja, hapana.

Mahudhurio yanasikitisha. Vikao vya kawaida tulikuwa 9, tukizidi sana 11, ila kufunga mwaka mlikuja 27 na wengine na wageni wao, na wengi waliopiga kelele kuhusu chupa ni haohao ambao kikao cha kuzijadili hawakuja.

Hesabu kama alivyonipa mweka hazina: ada ya 15,000 kwa mwezi ilitakiwa itupe kama milioni 5 na nusu, imeingia 2,940,000. Matumizi chupa za vikao 1,450,000, zile chupa 3 pamoja na usafirishaji 610,000, vitafunwa na glasi 385,000, misiba na harusi 300,000, imebaki 195,000. Wapo ambao toka Januari hawajatoa hata mwezi mmoja na majina ninayo, sijayaweka hapa kwa heshima tu.

Mwaka ujao tukijaliwa natamani tufike Japani, tupate hata chupa moja ya Yoichi, kiwanda alichokianzisha Masataka Taketsuru mwaka 1934 baada ya kwenda kujifunza kazi Scotland. Na Amrut ya Bangalore, India, maana kule joto linaivisha wiski haraka na pipa linapungua kwa kasi, wakati Scotland inayopotea hewani ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Lini, itategemea mfuko. Tukiweza tuwatembelee na wenzetu wa Lindi, tutaangalia.

Wadaiwa mlipe kwa mweka hazina kabla ya kikao cha mwisho wa mwezi huu, uchaguzi utafanyika siku hiyohiyo na asiyelipa hatapiga kura. Mimi nitagombea tena.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti